Muda niliupata

Swali lenu la wiki hii linauliza: mfanyakazi mwenye familia atapataje muda wa kusoma shahada ya uzamili? Muda mimi niliupata. Kwa miezi saba niliamka saa kumi alfajiri, nikaandika hadi saa kumi na mbili, kisha nikajiandaa kwenda kazini, wala sikuwahi kuchelewa kuwasilisha kazi yoyote. Yaliyonielemea yalikuwa mengine.

Jioni moja msimamizi wangu alinirudishia sura ya pili ya tasnifu, ile ya mapitio ya maandiko, ikiwa imejaa maswali pembeni: "Ushahidi uko wapi?" "Nani amesema?" Nilikuwa bado naisoma pale binti yangu wa miaka saba aliponijia kunisimulia jinsi rafiki yake alivyomsukuma kwenye foleni, nami, bila kuinua macho, nikamwuliza: "Una ushahidi gani? Nani mwingine aliona?" Hakulia. Alifikiri kidogo, akajibu kwamba hakuna aliyeona, akaenda zake. Kesho yake hakunisimulia lolote, wala keshokutwa. Siku ya nne nilimsikia akimwuliza baba yake, kwa sauti ya chini, iwapo jambo ambalo hakuna mtu aliyeliona linaweza kusemwa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sura hiyohiyo iliwataja watafiti Greenhaus na Beutell, ambao mwaka 1985 waligawa mgongano wa kazi na familia katika aina tatu: wa muda, wa mkazo, na wa mwenendo, yaani pale tabia inayomfaa mtu mahali pamoja inapomharibia mahali pengine. Niliueleza mgawanyo huo kwa aya mbili nilizojivunia, lakini mgongano wa mwenendo ulipoingia nyumbani kwangu sikuutambua.

Nilianza kuandika jibu hili nikikusudia kuwasihi wenzangu wasiahirishe masomo, kwa kuwa nimewaona wengi wakiahirisha na wasirudi tena, na hofu hiyo bado ninayo. Hata hivyo, baada ya kuyaandika haya ya binti yangu, naona kwamba muhula wa mapumziko niliokuja kuuomba baadaye nilipaswa kuuomba wiki ileile. Mwenye ufadhili ausome mkataba wake kwanza, na kila mmoja aulize chuoni kwake kama miezi ya kuahirisha huhesabiwa katika ukomo wa usajili, yaani muda wa juu anaoruhusiwa mwanafunzi kumaliza masomo, maana taratibu hutofautiana. Mimi sikuwa na kizuizi chochote kati ya hivyo.