"Ametunuku" au "amevisha" nishani?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Kazini kwangu huandika taarifa za hafla. Juzi niliandika, "Mkuu wa Majeshi amewatunuku maafisa na askari nishani." Mkubwa wangu akakata, akaweka "amewavisha". Si mamoja hayo? Na kwa nini tunasema "ametunukiwa", hatusemi "ametunukwa"? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Si mamoja, na mkubwa wako kakata panapostahili.

Kutunuku ni tendo la mamlaka. Nishani ya jeshi hutoka kwa Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Kenya jambo hili limo ndani ya Katiba ya 2010: ibara ya 132 inampa Rais uwezo wa kutunuku heshima kwa jina la wananchi na la Jamhuri. Kuvisha ni kazi ya mikono: mtu anasogea mbele ya askari aliyesimama wima, anaibandika nishani kifuani upande wa kushoto, anarudi nyuma, saluti. Kazi hiyo Rais anaweza kumwachia mwingine, ndiyo maana taarifa za JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) husema Mkuu wa Majeshi amevisha nishani "kwa niaba ya Rais". Ukiandika "ametunuku" bila "kwa niaba", umempa jenerali madaraka ambayo sheria haikumpa. Vyuo vikuu navyo viko hivyo hivyo: Mkuu wa Chuo ndiye anayetunuku shahada, hata kama cheti utakwenda kukichukua dirishani kwa karani.

Tofauti hii hubana zaidi mhusika akiwa ameshafariki. Sajini Nigel Leakey wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki) aliuawa Ethiopia Mei 1941 na akatunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, mwaka 1945. Marehemu havishwi kitu, lakini hutunukiwa. Kwa hiyo usiandike kwamba mjane "ametunukiwa" nishani ya mumewe. Mjane amepokea, aliyetunukiwa ni mume.

Na ikiondolewa? Hapo waandishi hukimbilia "amevuliwa nishani", nami sipingi kama kweli kuna mtu aliyeibandua kifuani. Ila kinyume cha kutunuku ni kufuta. Hati ya 1856 iliyoanzisha Msalaba huo wa Victoria ilisema aliyepatikana na hatia ya uhaini, woga au jinai jina lake litafutwa rejistani, na wanane walifutwa hivyo kati ya 1861 na 1908. Kilichofutwa ni jina, chuma chenyewe kiwe kimebaki kwa yeyote.

Sasa "ametunukiwa". Tunuku ni kitenzi kinachoishia na -u, mwenzake jibu na haribu. Hatusemi "amejibwa" wala "imeharibwa". Tunasema amejibiwa, imeharibiwa. Basi na huyu: tunuku, tunukiwa. "Ametunukwa" haipo.

Ukiwa hapo, angalia pia vichwa vya habari vya aina ya "Rais atunuku kamisheni kwa maafisa wapya". Hiyo "kwa" ya nini? Tunuku hushika mtu moja kwa moja: Rais awatunuku maafisa wapya kamisheni. Magazeti yameizoea, nami nimechoka kuipigia kelele, lakini wewe usiiandike.

Neno medali liachie wanariadha. Askari huvaa nishani, nayo haina wingi wa "manishani": nishani hii, nishani hizi. Tuzo ni pana mno, hata bahasha ya fedha ni tuzo. Na kama aliyepanda kutoka kapteni kuwa meja naye amevishwa, taja kabisa kwamba amevishwa cheo, maana msomaji akiona "amevishwa" pekee ataambulia kubahatisha.

Kwa taarifa yako ya juzi, iandike hivi: "Mkuu wa Majeshi, kwa niaba ya Rais na Amiri Jeshi Mkuu, amewavisha nishani maafisa na askari waliotunukiwa."