Steringi huyo si Mchina

Msomaji anauliza: "Mimi na kaka yangu tunabishana. Yeye anasema Song Il-gook, yule aliyeigiza Jumong, ni 'steringi wa Kichina'. Mimi nasema ni 'steringi Mchina'. Nani yuko sahihi? Na je, steringi, yaani mhusika mkuu wa picha, ni Kiswahili?"

Kwa sarufi umemshinda kaka yako. Mtu hutajwa kwa taifa au kabila lake moja kwa moja: steringi Mchina, dereva Mganda, mganga Mdigo. "Wa Kichina" hueleza lugha au namna. Mwalimu wa Kichina anaweza kuwa Msambaa wa Lushoto anayefundisha lugha hiyo, na mwalimu Mchina akawa anafundisha hesabu.

Lakini nyote wawili mmeteleza pabaya zaidi. Song Il-gook ni Mkorea! Jumong ni tamthilia ya Korea Kusini, ilirushwa huko mwaka 2006 hadi 2007, sehemu 81, na inamsimulia mwanzilishi wa Goguryeo, ufalme wa kale wa Wakorea. Katika hizo sehemu 81 anapigana na nani? Na dola ya Han, yaani Wachina. Mmemvika steringi uraia wa adui yake.

Kosa hili linaniudhi tangu enzi za mikanda ya video. Tony Jaa ni Mthailandi, anaitwa Mchina. Iko Uwais ni Mwindonesia, Mchina. Hata Toshiro Mifune, Mjapani mwenye upanga wa kisamurai, Mchina. Ukimsahihisha mtu anakujibu, "Si wanafanana?" Jibu hilo silikubali, wala lugha yetu hailikubali. Kiswahili ndicho kilichomtofautisha Mshihiri na Mmanga, Baniani na Bohora, Khoja na Singasinga, Waarabu na Wahindi wa aina mbalimbali waliokuwa wakiuza na kununua katika mitaa ile ile ya pwani. Lugha yenye jicho kali kiasi hicho haikosi neno la kumwita Mkorea.

Chukueni Fist of Fury, picha ya Bruce Lee ya mwaka 1972. Ni Shanghai, mwalimu amefariki, wanafunzi wako msibani. Wanaletewa bango kutoka shule ya mapigano ya Wajapani, limeandikwa kwamba Wachina ni wagonjwa wa Asia ya Mashariki. Chen Zhen, ndiye Bruce Lee, analirudisha mwenyewe. Anawapiga wote ukumbini, mwalimu wao pia, kisha anawalisha wawili karatasi ya lile bango, waitafune. Baadaye anafika kwenye lango la bustani, anaoneshwa kibao: mbwa na Wachina hawaruhusiwi. Mjapani anamwambia ajifanye mbwa ndipo ataingizwa. Anawachapa, anakirusha kibao hewani na kukivunja kwa teke.

Sasa keti kwenye kibanda cha video karibu na mtu anayesema, "Wachina wanapigana wenyewe kwa wenyewe." Kwake yeye msiba, bango na teke lile havina maana yoyote. Anaona miguu inarushwa tu. Neno moja lililokosewa limemnyang'anya picha nzima, na kiingilio kalipa.

Haya, steringi. Tumelichukua kwenye mabango ya sinema, ambako neno la Kiingereza "starring" lilitangulia majina ya waigizaji wakuu. Watu wakalidhani ni cheo, na cheo likawa. Wapo wanaotaka tuseme "mhusika mkuu" tu. Shuleni sawa. Kibandani hakuna anayemshangilia mhusika mkuu, kwa hiyo steringi limeshapata uraia, na wanaolitamka stelingi nawaachia.

Ninachokataa ni ule msemo unaoandamana na neno hili, kwamba steringi hafi. Mwisho wa picha hiyo hiyo Chen Zhen anatoka mlangoni, bunduki zimeelekezwa kwake, anazikimbilia na kuruka. Picha inaganda akiwa hewani, na risasi zinasikika.