Mtoto wa miaka 3, mbona nimelipia dawa?

Swali: Shikamoo mama muuguzi. Mwanangu alishikwa na homa kali. Zahanati ya serikali walimpima, wakakuta malaria, wakaniandikia dawa kwenye kipande cha karatasi nikanunue dukani. Nilikopa shilingi 8,000 kwa jirani. Si tunaambiwa watoto ni bure?
Mama Zuhura, Masasi

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole sana. Umesikia sawasawa. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawasamehe malipo watoto chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza. Ila msamaha haujazi kabati la dawa. Miaka 31 nimefanya uuguzi, kabati tupu nalijua: mama amefunga noti moja kwenye pindo la kanga, nawe unamkabidhi karatasi. Iliniuma kila mara. Siku nyingine usiondoke kimya. Muulize mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, dawa imeisha lini, na zahanati gani ya jirani inayo. Kisha mwone mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati. Ni wanakijiji wenzako. Karatasi ile itunze, ina tarehe.