Mume wangu dereva, mimi utingo: nikubali safari nyingine?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 54, mume wangu ana 61 na amestaafu mwaka huu. Watoto wote wameshaondoka nyumbani. Kiangazi kilichopita tulikodi gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo ndani, tukazunguka nalo. Watu walioona picha zetu wanatuonea gere, kumbe tulirudi hatusemezani. Yeye ndiye aliyeshika usukani mwanzo mwisho. Mimi nilifunga makabati, nilimwaga choo, na kila jioni nilisimama nyuma ya gari kumwelekeza huku akinifokea mbele za watu. Ratiba ilikuwa kilomita 400 kwa siku. Sasa anataka tukodi tena kwa wiki tatu, na tukifurahi tununue letu. Hata viti vya kukalia nje amenikatalia, eti uzito. Sitaki kwenda, lakini nikimwona usiku ameinamia ramani, roho inaniuma. Nifanyeje? – Utingo*

Marahaba, mwanangu. Katika barua yako nzima nimetafuta mahali ulipomwambia mume wako haya unayoniambia mimi, sikupaona. Ulirudi umenuna, naye huenda alidhani ni uchovu tu. Sasa mwenzio anakesha na ramani akiamini anakuandalia raha. Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha tangu kiangazi kilichopita. Lawama ya kwanza basi nakupa wewe, kisha nahamia kwake.

Kilomita 400 kila siku ni ratiba ya dereva wa lori. Gari-nyumba ni refu, ni zito, linasukumwa na upepo ubavuni, na ukihesabu foleni na barabara nyembamba, wastani wa kilomita 60 kwa saa si mwendo wa kulalamikia. Hizo ni karibu saa saba kwenye kiti. Kanuni za barabarani za Uingereza humshauri dereva apumzike angalau dakika 15 kila baada ya saa mbili. Ongeza na hizo, mtafika jua linazama, yeye macho mekundu, wewe kiuno kimekufa ganzi. Na ndipo lile gari linapotakiwa kurudi rivasi kwenye nafasi finyu, majirani wameshakaa nje wanatazama. Hata wachumba wa juzi wangegombana hapo.

Hilo la rivasi lina dawa, tena nyepesi. Simama mahali unapouona uso wake kwenye kioo cha pembeni. Usipouona, naye hakuoni, unapunga mikono bure. Kubalianeni ishara nne kabla hamjaondoka nyumbani: njoo, kushoto, kulia, simama. Ukionyesha simama, anakanyaga breki hapo hapo, maswali baadaye. Kabla hajaanza, ashuke atazame mwenyewe matawi na nguzo, maana kamera ya nyuma humwonyesha kilichoko chini, tawi linalochana paa halionyeshi. Na msiitane kwa sauti: injini inameza nusu ya maneno, anakuuliza “nini?”, wewe unapaza, naye anapaza. Nashuku sehemu kubwa ya kufokewa kwako ilianzia hapo. Ila kama anakufokea hata injini ikiwa imezimwa, hilo ni jambo jingine kabisa, niandikie upya.

Sasa usukani. Hujaniambia kama una leseni. Kama unayo, hakikisha jina lako linaingia kwenye mkataba wa kukodi na kwenye bima kama dereva wa pili, na leseni yako inaruhusu uzito wa gari hilo. Siku ya kulichukua, tafuteni uwanja mtupu, uendeshe wewe kwanza. Utajifunza kwamba ukikata kona, mkia wa gari unatupwa upande wa pili na unaweza kugonga ukuta ambao mbele umeshaupita salama. Andika urefu wa gari kwenda juu kwenye karatasi, uibandike mbele ya dereva. Madaraja ya chini hayasikii msamaha. Ukishaendesha hata saa moja tu kwa siku, mambo mawili yatabadilika: utaelewa kwa nini anafika amechoka hivyo, naye atakaa kiti chako asikie vyombo vinavyogongana nyuma na kujua kufunga makabati ni kazi.

Choo nacho ni zamu. Kile kisanduku cha uchafu chini ya choo, cha lita 20 hivi, watu wawili hukijaza kwa siku mbili tatu, kwa hiyo ni leo wewe, keshokutwa yeye, na hakuna mjadala. Mtu anayetaka kununua gari-nyumba bila kuwahi kumwaga choo chake bado hajajua anachonunua. (Na tafadhalini, mpira wa kuoshea kisanduku hicho usikaribie kamwe bomba la maji ya kunywa.)

Kwenye viti, lakini, mumeo ana haki. Magari mengi ya aina hii uzito wake wa mwisho unaoruhusiwa ni kilo 3,500, na hesabu hiyo inawajumuisha ninyi wawili, gesi, maji, baiskeli na kila sufuria. Nafasi inayobaki huwa ndogo kuliko makabati yanavyokudanganya. Ila mwulize anasafiri na maji kiasi gani. Lita 100 za maji ni kilo 100. Mkisafiri na tangi lenye robo, mkajaza mkifika, viti viwili vya kukunja vinaingia bila ugomvi. Kisha lipitisheni gari kwenye mzani likiwa limepakiwa, mjue badala ya kubishana.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza, nami naliona. Huyu mtu amestaafu mwaka huu, nyumba imebaki na ninyi wawili, na anapanga kilomita 400 kila siku. Nadhani anaogopa siku isiyo na kazi. Akiwa barabarani ana la kufanya na la kuongelea: kona, mafuta, muda wa kufika. Likizimwa lile gari, mnabaki wawili kwenye chumba ambacho mmoja akitaka kupita, mwingine hana budi akae kitandani. Huenda hata wewe unaiogopa jioni hiyo, ndiyo maana kumwaga choo kumekuwa rahisi kuliko kumwambia unaumia. Mtajuaje, na hamjawahi kulala mahali pamoja usiku wa tatu?

Kwa hiyo nenda, lakini usipande kama utingo. Kaa naye kwenye ile ramani, umwambie mwaka jana uliumia, umwambie na saa yenyewe na mahali penyewe, si “wewe kila siku”. Kisha chukua kalamu, ukate nusu ya vituo. Kila mnapolala, usiku tatu. Siku ya kuhama, mfike kabla ya saa tisa alasiri. Kila siku, saa moja mmoja atoke peke yake, na mwingine asimwulize alikuwa wapi. Humo ndani hata kupumua mnasikiana. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, mruhusiane kutafuta chumba chenye kuta za kweli.

Kununua kusubiri. Wiki tatu za kukodi zitawaambia zaidi ya maonyesho yote ya magari, na kukodi kukikuchosha unarudisha funguo.

Akisema ratiba haiguswi na usukani ni wake, usinune tena. Mwambie aende wiki ya kwanza na rafiki yake anayependa barabara, wewe utawafuata kwa treni pale watakapotulia, rafiki arudi na treni hiyo hiyo. Mwambie hayo kabla hajalipa malipo ya kwanza ya kukodi.