Usimwambie mtoto sindano haiumi

Huku kwetu Mbeya mtoto hutishiwa sindano kabla hajaugua. Akikataa uji: "Ngoja nimwite daktari akuchome!" Siku anaumwa kweli tunamfikisha wodini, tunashangaa anavyopiga kelele akiona koti jeupe tu.

Mwanangu alilazwa kwa nimonia mwezi wa saba, baridi imekaza. Kitanda cha jirani alikuwepo mama wa kutoka Tukuyu, mpole kabisa, ila kila nesi akija na trei alimwambia bintiye, "Haiumi, mama, haiumi." Mara ya kwanza mtoto aliamini. Baada ya hapo hata kipimajoto kilimliza.

Mimi nilimwambia wangu: "Itauma kidogo, baba. Tuhesabu mpaka tano, halafu basi." Alilia, lakini mkono aliutoa mwenyewe. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kupunguza maumivu ya chanjo: mzazi awepo, mtoto apakatwe, anayenyonya anyonyeshwe, na maneno ya kumpa matumaini ya uongo yaachwe. Ni mwongozo wa chanjo, ila sioni kwa nini dripu iwe tofauti. Mwombe nesi umpakate mtoto akiwa amekaa, badala ya kumlaza na kumkandamiza watu watatu. Mwombe pia, kama mshipa unapatikana, kanula (kile kimrija cha kupitishia dripu mshipani) iwekwe mkono asiochezea. Mkono wa mwanangu ulifungwa plasta juu ya kipande cha boksi la glavu ili usikunjike. Akachora matairi kwenye boksi, likawa basi la Tunduma. Kutwa nzima lilikuwa linapakia abiria.

Jambo jingine ni kutoroka. Wengi tunasubiri mtoto asinzie ndiyo tukafue au kununua chakula. Akiamka hakuoni, kesho yake hasinzii kabisa. Muage, hata akilia. Usimwambie "saa moja," hajui saa. Mwambie "nitarudi kabla uji haujaja," kisha urudi kweli. Mwachie kanga yako ajifunike.

Wageni nao! Mtu anaingia na chupa ya chai, anashika kiuno: "Jamani, amekwisha huyu mtoto!" Mpokee chai, mtoe nje mkaongelee huko. Watoto wadogo hudhani wameugua kwa sababu wamekosea, kwa hiyo wakisikia maneno hayo wanajijazia wenyewe. Wangu aliniuliza kama ni kwa sababu alichezea maji. Nilimjibu hapana, na nikarudia kila alipouliza.

Mkirudi nyumbani anaweza kukojoa kitandani au kukung'ang'ania mpaka chooni. Usimchape wala usimcheke. Kwa wengi hupita taratibu. Ikiendelea, sema siku ya kliniki.

Na ndugu yake aliyebaki kwa bibi usimsahau. Piga simu jioni, ila usimsimulie wewe: mpe mgonjwa simu waongee wenyewe.