Mtoto mwenye usonji anayekula vyakula vinne tu: kwa nini miguu inauma na fizi zinatoka damu?

SWALI: Mwanangu ana miaka 6, ana usonji na haongei. Karibu mwaka mzima anakula wali mweupe, tambi, biskuti na maziwa ya pakiti tu. Uzito wake ni mzuri. Wiki mbili sasa anachechemea, ukimshika mguu analia, na fizi zinatoka damu. Nimeshauriwa nimwachishe ngano na maziwa, kisha nimwagizie "vitamini za usonji" mtandaoni. Ni sawa? – Mama, Mbagala

JIBU: Mama, mpeleke hospitali leo, Temeke au Muhimbili, na jambo la kwanza umwambie daktari ni hivyo vyakula vinne. Dalili ulizozitaja ni za kiseyeye, yaani upungufu mkubwa wa vitamini C. Maradhi ya mifupa, ya viungo na ya damu nayo huanza hivyohivyo, kwa hiyo lazima apimwe. Lakini mtoto mwenye uzito mzuri hadhaniwi kuwa na utapiamlo, na huyu hawezi kusema anaumwa wapi. Usipotaja chakula, kiseyeye kinaweza kupitwa.

Mwili hautengenezi vitamini C na akiba yake ni ndogo. Akikosa kwa mwezi mmoja hadi mitatu, mishipa midogo hudhoofika na damu huvuja kwenye fizi na chini ya utando unaofunika mfupa. Ndiyo maana mguu unauma hata kwa kuguswa. Tiba kwa mtoto huwa miligramu 100 hadi 300 kwa siku, kwa kipimo cha daktari. Maumivu hupungua ndani ya siku chache, fizi huchukua wiki kadhaa. Mwombe daktari ampime pia wingi wa damu, maana vyakula hivyo vina madini ya chuma kidogo. Maziwa yasizidi nusu lita kwa siku, kwani yakizidi humshibisha na kupunguza ufyonzwaji wa chuma.

Kosa ninaloliogopa zaidi ni kusaga kidonge na kukificha ndani ya wali au maziwa. Watoto wengi wenye usonji hugundua badiliko dogo sana la ladha, na akishagundua anaweza kukiacha chakula hicho moja kwa moja. Wako ana vinne tu, hapaswi kupoteza hata kimoja. Dawa itolewe peke yake, kikombe chake, saa ileile, kwa maji ya kawaida. Usiichanganye na uji wa moto, joto huiharibu vitamini C.

Akishapona anahitaji miligramu 25 tu kwa siku: nusu chungwa inatosha, na pera moja dogo linazidi. Kwa kuwa anapenda vyeupe, jaribu ubuyu mweupe wa unga. Ule mwekundu wa kwenye vipakti umepikwa na sukari na rangi, usiutegemee. Koroga robo kijiko cha chai kwenye maji kidogo, weka kikombe pembeni ya sahani yake, usimlazimishe. Siku za mwanzo akikitazama tu, inatosha. Kisha akinuse, aguse kwa ulimi, anywe funda. Huenda ikahitaji majaribio 15 au zaidi, na wengi wetu hukata tamaa kwenye la tatu. Chakula kipya kiwe kimoja kwa wakati mmoja.

Kuhusu ngano na maziwa: hapana. Ukiviondoa unabaki na wali peke yake, na maziwa ndiyo kalisi na sehemu kubwa ya protini yake. Ushahidi uliopo hautoshi kusema kuviacha kunapunguza dalili za usonji. Huondolewa pale vipimo vinapoonyesha mzio au ugonjwa wa utumbo unaosababishwa na ngano.

Hizo vitamini za mtandaoni pia ziache. Vitamini B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu neva. Vitamini A hurundikana kwenye ini, hivyo ukimpa pamoja na mafuta ya ini la samaki unaweza kumzidishia bila kujua. Na kama ataandikiwa dawa ya chuma, ifungie kabatini: ikizidi kwa mkupuo inaweza kumuua mtoto.