Uamuzi wa mwamuzi wa mradi: siku 28 zinazopotea bure

Wakandarasi wengi wa Unguja na Pemba, wakipata uamuzi usiowaridhisha kutoka kwa mwamuzi wa mradi, yaani mtu au jopo linaloteuliwa kukata migogoro ya mkataba, humwandikia mhandisi mshauri barua ndefu ya malalamiko. Barua hiyo haizuii kitu. Katika mkataba wa 1999 wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kinachozuia uamuzi usiwe wa mwisho ni notisi ya kutoridhika, itolewe kwa upande wa pili ndani ya siku 28 tangu uamuzi upokelewe.

Siku hizo ni za kalenda. Ijumaa na Idi zimo. Ukiupokea tarehe 15 Disemba, siku ya 28 ni 12 Januari, Sikukuu ya Mapinduzi, na ofisini hakuna karani wa kukugongea muhuri. Ipeleke wiki moja kabla. Taja kifungu cha 20.4, jambo linalobishaniwa na sababu zako. Ukurasa mmoja unatosha. Anwani ni ile iliyoandikwa kwenye kiambatisho cha zabuni. Saiti ikiwa Wete na anwani ikiwa Mjini Unguja, mtu apande boti akabidhi kwa mkono, arudi na saini. Ujumbe wa WhatsApp kwa meneja wa mradi usiutegemee.

Mwamuzi naye akipitisha siku 84 bila kuamua, siku nyengine 28 za kutoa notisi huanza kuhesabika. Hizi ndizo zinazosahauliwa zaidi.

Notisi haisimamishi malipo: aliyeamriwa kulipa analipa kwanza, ubishi unaendelea baadaye. Asipolipa, tazama mkataba wako ni wa mwaka gani. Kifungu cha 20.7 cha 1999, kinachoruhusu kumpeleka asiyetii moja kwa moja kwenye usuluhishi, kilitaja uamuzi uliokwisha kuwa wa mwisho tu, si ule uliotolewa notisi, na wadaiwa wakaupenya mwanya huo mpaka FIDIC ikatoa mwongozo Aprili 2013. Toleo la 2017 limeuziba kwa kifungu cha 21.7, na 16.1 kinakuruhusu kusimamisha kazi baada ya notisi ya siku 21. Mwenye mkataba wa 1999 aombe baraza la usuluhishi litoe tuzo ya awali, yaani amri ya muda, ya kulipwa. Mahkama ya Rufaa ya Singapore ilikubali njia hiyo mwaka 2015.

Anayetaka kuupinga uamuzi ajue kuwa kusema mwamuzi amekosea hesabu ni hoja dhaifu. Hoja zenye uzito ni kwamba aliamua jambo ambalo hakupelekewa, au alipokea nyaraka za upande mmoja bila kuusikiliza wa pili. Pingamizi kwamba mwamuzi hana mamlaka liandikwe mapema, kabla ya kujibu madai, ukisema wazi kuwa unashiriki huku unayapinga mamlaka yake. Ukinyamaza mpaka ushindwe, utaambiwa ulikwisha kumkubali.